Kuuza Kompyuta na Kuuza Siri za Watu

Wiki hii twaomba ruhusa ya kuanza na habari ya ofisi yetu wenyewe, maana si haki mhariri awafundishe watu jambo ambalo yeye mwenyewe amelikosea, asiseme kwanza kwamba amelikosea.

Miezi michache iliyopita ofisi ya gazeti hili ilipata kompyuta mpya. Zile za zamani, mbili kwa hesabu, ziliwekwa juu ya meza karibu na mlango zikingoja mnunuzi. Zilikuwa nzima bado, ila zilikuwa zimechoka kwa kazi yetu. Tuliona kwamba zaweza kumfaa mwanafunzi au mwenye duka, na fedha yake itatusaidia kununua karatasi. Kabla ya kuziuza tulifanya lile ambalo, kwa mawazo yetu, kila mtu mwangalifu hulifanya: tulikaa jioni nzima tukifuta barua, picha na hesabu, mpaka uso wa kompyuta ukabaki mtupu kama ukuta uliopakwa chokaa. Hata kile kikapu cha taka kilichomo humo ndani tulikimwaga.

Kesho yake akaja kijana fundi atutengenezeaye mitambo. Alituamkia, akazitazama, akauliza, "Padre, hizi mmezisafisha?" Tukamjibu kwa kujiamini kwamba tumezisafisha. Akaomba apewe robo saa. Alichomeka kifaa chake kidogo chenye programu, akaketi kimya. Na kabla robo saa haijaisha akatuita tutazame. Barua zilikuwa zikirudi moja moja. Ya kwanza tuliyoitambua ilikuwa ya mama mmoja aliyetuandikia zamani juu ya taabu ya nyumba yake, akiomba shauri. Katika gazeti tuliichapa bila jina, tukaandika chini yake: "Jina limehifadhiwa." Nalo jina lilikuwapo pale mbele ya macho yetu, pamoja na kijiji chake, na namba yake ya simu, na mambo yote tuliyoyaondoa kwa makusudi ili asijulikane.

Yule kijana aligeuza uso pembeni asisome. Sisi tuliona haya. Tena haya ile ilizidi, kwa kuwa wakati ule ule tulikumbuka kwamba kompyuta zile mbili hazikuwa za kwanza. Ya tatu tuliiuza mwaka uliotangulia, tukiwa tumeifuta kwa namna ile ile, kwa mtu anunuaye na kuuza vitu vya umeme. Naye alikwisha kuiuza kwa mpita njia asiyemjua jina.

Hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya. Jambo hili si la mafundi peke yao, bali ni swali la dhamiri, nalo lagusa kila nyumba yenye kompyuta au simu. Mtu anapouza mashine yake, auza nini hasa? Na je, yampasa kujibu kwa kitu alichokitoa bila kujua?

Kufuta kusikofuta

Yafaa kwanza tueleze jinsi mambo yalivyo, maana hukumu nzuri hujengwa juu ya ukweli wa mambo.

Ndani ya kompyuta mna diski, ndimo yanamowekwa maandishi na picha zote. Diski hiyo ina orodha yake: barua fulani iko mahali fulani, picha fulani iko mahali fulani. Mtu anapoamuru barua ifutwe, kwa kawaida kompyuta haiendi kuikwangua barua yenyewe. Yafuta tu mstari wake katika orodha, na kuweka alama kwamba mahali pale ni huru, paweza kuandikwa kitu kingine. Ni kama mwenyekiti wa mtaa anayefuta jina la mtu katika daftari ya wakazi. Jina limeondoka katika daftari, lakini mtu mwenyewe bado amelala nyumbani mwake, na yeyote apitaye mlango kwa mlango atamkuta. Hataondoka mpaka siku atakapokuja mpangaji mwingine kukalia mahali pake. Na hata ile kazi ambayo mafundi huiita kufomati, ikifanywa kwa njia ya haraka, mara nyingi ni kutoa daftari mpya tu, hali wakazi wote wangali ndani.

Waliotengeneza mashine hawakukusudia kumdanganya mtu. Walitaka upesi. Kufuta mstari mmoja ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini kuandika juu ya diski nzima ni kazi ya saa nyingi. Walakini neno "futa" laandikwa pale, na mtu wa kawaida aliaminiapo neno hilo, aamini zaidi ya lile linalotendeka.

Jambo hili limejulikana kwa wataalamu siku nyingi. Mwezi wa Januari 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Kati ya Novemba 2000 na Agosti 2002 walikuwa wamejipatia diski 158 zilizokwisha kutumika, kwa njia ile ile ambayo mtu yeyote aweza kuzinunua. Diski 129 zilikuwa zikifanya kazi bado, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Katika nyingine walikuta barua za mapenzi, barua zenye habari za ugonjwa, na namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Diski moja ilikuwa imetoka katika mashine ya kutolea fedha ya jimbo la Illinois, nayo ilikuwa na kumbukumbu za wateja kwa muda wa mwaka mzima.

Wala mtu asidhani kwamba makosa haya ni ya watu wadogo wasio na elimu. Mwezi wa Septemba 2022 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ya hisa ilitangaza faini ya dola milioni 35 juu ya kampuni kubwa ya fedha ya Morgan Stanley. Kampuni hiyo ilipokuwa ikiondoa mitambo yake ya zamani ilikuwa imeikabidhi kazi kampuni ya kuhamisha mizigo isiyokuwa na ujuzi wa kuharibu kumbukumbu. Mitambo ikauzwa, ikauzwa tena mnadani kwa njia ya intaneti, na habari za wateja zingalimo. Tume ilisema kwamba kampuni ilishindwa kulinda habari za wateja wapatao milioni 15. Ikiwa wenye wanasheria na mafundi wengi waliteleza hivyo, sisi wenye duka moja au ofisi moja tutajidhaniaje salama?

Mbuzi wa watu katika zizi

Tulitazame sasa swali lenyewe.

Vitu vilivyomo ndani ya kompyuta ya mtu vyaweza kupangwa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vitu vyake mwenyewe: barua zake, hesabu zake, maneno yake ya siri. Fungu la pili ni vya nyumba yake: picha za watoto, vyeti vyao, majibu ya vipimo vya mkewe, maandishi ya shamba la urithi. Fungu la tatu ni vya watu wengine waliomwamini. Mwalimu ana maksi za wanafunzi na barua za wazazi wao. Mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa ana orodha ya waliokopa na walioshindwa kulipa. Mwenye duka ana daftari ya madeni. Muuguzi ana majina ya wagonjwa. Katibu wa jumuiya ana majina ya familia zilizopewa msaada wa chakula mwaka wa njaa, ambazo zingeona haya kama jirani angelijua.

Fungu la kwanza, tuseme, ni lake. Akilitupa ovyo, ajidhuru mwenyewe. Lakini fungu la pili si lake peke yake, na la tatu si lake kabisa. Hilo ni amana. Na sheria ya amana yajulikana na kila mtu, mwenye kusoma na asiyesoma. Jirani akiniachia mbuzi wake nimtunzie, nikamfunga katika zizi langu, zizi ni langu na ninaweza kuliuza. Lakini siwezi kumwuza mbuzi pamoja na zizi. Wala sina ruhusa ya kusema, "Nilikuwa nauza zizi tu, sikutazama ndani." Anayeuza zizi hana budi kwanza kuwatoa mbuzi wa watu.

Tena siri yapita mbuzi kwa jambo moja. Mbuzi akipotea, naweza kumlipa mwenyewe mbuzi mwingine. Siri ikitoka, nitalipa kwa nini? Mtu aliyejulikana ugonjwa wake hawezi kufanywa asijulikane. Binti aliyeonekana picha yake na wasiostahili kuiona, hakuna mahakama iwezayo kuwatoa macho waliomtazama. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana jambo ambalo haliwezekani kulipwa latakiwa kulindwa kwa uangalifu mkubwa kuliko lile linalolipika.

Majibu kwa wenye kujitetea

Atasema mtu: "Mimi sina la kuficha." Twamjibu: Huenda ni kweli, lakini wewe si peke yako katika mashine yako. Aliyekuandikia kwamba mwanawe amefungwa, analo la kuficha, naye alikuambia wewe tu. Wala kuficha si alama ya uovu siku zote. Nyumba zetu zina milango na mapazia, wala si kwa sababu waliomo ndani ni wezi. Nyumba hustiri mambo, nasi twajua kwamba kumstiri mwenzio katika unyonge wake ni tendo la huruma. Anayesema hana la kuficha, afikiri ni wangapi wamepona aibu kwa sababu mtu fulani alinyamaza.

Mwingine atasema: "Nimemwuzia mtu mwema, namfahamu." Twamjibu: Mtu huyo atakaa nayo muda gani? Mashine husafiri. Leo iko kwa mwalimu, mwakani iko kwa mwanafunzi, baadaye kwa fundi, mwishowe katika lundo la vyuma vikuukuu. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari wa chuo kikuu kimoja cha Kanada walinunua diski sokoni huko Ghana, mahali zinapofikia kompyuta nyingi zilizotupwa na nchi tajiri. Katika diski moja mlikuwa na karatasi za mikataba ya kampuni ya silaha ya Northrop Grumman na serikali ya Marekani. Kama karatasi za kampuni ya silaha zaweza kuvuka bahari na kufika sokoni, je, barua za jirani yako hazitafika mtaa wa pili? Wema wa mnunuzi wa kwanza haumfungi mnunuzi wa tano.

Wa tatu atasema neno zito zaidi: "Sikujua." Hapa twapaswa kupima kwa haki. Wenye elimu ya maadili hutenga ujinga wa namna mbili. Upo ujinga ambao mtu, kwa hali yake, hawezi kuushinda, na huo humwondolea hatia. Upo na ujinga ambao angaliushinda kama angaliuliza swali moja, lakini hakuuliza, ama kwa uvivu, ama kwa kuwa jibu lingemwongezea kazi. Huo hauondoi hatia, wapunguza tu.

Tujihukumu sisi wenyewe kwa kipimo hicho. Tulipoiuza ile kompyuta ya kwanza, fundi alikuwa akifika ofisini kila mwezi. Juu ya bei tuliwauliza watu watatu. Juu ya siri zilizomo hatukumwuliza hata mmoja. Basi hatuwezi kusema kwamba ujinga wetu haukuweza kushindwa. Haukushindwa kwa sababu hatukupigana nao. Nawe msomaji uliyefika hapa, njia ya kusema "sikujua" imekwisha kukufungia.

Wa nne, aliyetishika sasa, atasema: "Kama ni hivyo, heri kuzivunja zote kwa nyundo, au kuzifungia stoo milele." Hilo nalo si shauri jema. Kompyuta nzima ni mali. Kwa kijana asiyeweza kununua mpya, mashine ya miaka saba ni mlango wa masomo na wa riziki. Kuivunja kwa kuwa tu tumeona uvivu wa kuisafisha ni kumnyima mwenzetu kwa ajili ya uvivu wetu, na kuongeza taka zenye sumu katika ardhi. Kuificha stoo nako ni kuahirisha tu, maana siku mwenye stoo atakapokufa, warithi wataiuza bila kujua yaliyomo. Uangalifu ukifanywa sawasawa humwezesha mtu kuuza kwa moyo mtulivu.

Kiasi gani chatosha?

Hapa lazuka swali la haki: mtu ajitaabishe kiasi gani? Maana kuna watu ambao dhamiri yao hulala, na kuna wengine ambao dhamiri yao haipati usingizi kamwe.

Juu ya hao wa pili kuna mfano halisi. Mwaka 1996 mtaalamu mmoja wa New Zealand, Peter Gutmann, aliandika juu ya kuharibu kumbukumbu za diski, akaeleza mpango wa kuandika juu yake mara 35. Mpango ule ulikusudiwa kukusanya pamoja namna nyingi za diski za siku zile. Lakini watu wengi waliuchukua kama amri, wakawa wanaandika mara 35 juu ya diski yoyote, hata baada ya Gutmann mwenyewe kueleza kwamba kwa diski za kisasa jambo hilo halina maana. Taasisi ya serikali ya Marekani iitwayo NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, ilisema kwamba kwa diski za sumaku kuandika juu yake mara moja, diski nzima, kwa kawaida kwatosha kuzuia kurudishwa kwa maandishi, hata mbele ya wenye maabara.

Basi kipimo ni hiki: uangalifu ulingane na uzito wa amana. Mwenye picha za harusi na nyimbo, aisafishe mara moja vizuri, alale. Mwenye majina ya wagonjwa au ya waliokopa, aisafishe, kisha amwite fundi mwaminifu ajaribu kurudisha kitu mbele ya macho yake, akishindwa ndipo auze. Mwenye siri ambazo zikitoka mtu aweza kuuawa au kuangamizwa, asiiuze diski kabisa. Aiondoe, aivunje, auze mashine bila hiyo. Kupita hapo si bidii tena, ni wasiwasi, na wasiwasi haumlindi mtu yeyote.

Twapenda kuwapa wasomaji njia yenyewe kwa kifupi, kama tulivyofundishwa na yule kijana.

Kwanza, nakili kila kitu unachokihitaji mahali pengine, ukahakikishe kwamba kinafunguka. Pili, jiondoe katika barua pepe na katika kila mahali ulipoingia kwa neno lako la siri. Tatu, jua diski yako ni ya namna gani. Ikiwa ni ya zamani, yenye sahani inayozunguka, tumia programu ya kuandika juu ya diski nzima. Yachukua saa nyingi, basi iache usiku. Kompyuta nyingi za siku hizi zina amri ya kuirudisha mashine katika hali ya kiwandani, na ndani ya amri hiyo mara nyingi mna chaguo la kuisafisha diski kabisa. Usilipite chaguo hilo kwa sababu ya haraka.

Nne, diski za namna mpya, zisizo na sahani izungukayo, zina tabia nyingine. Zenyewe huamua mahali pa kuandika, hata ukiandika juu ya barua, nakala yake yaweza kubaki pembeni. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba njia za zamani za kufuta faili moja moja hazikufaulu katika diski hizo. Kwa hizo tumia amri ya kufutia iliyowekwa na mtengenezaji wake. Na lililo bora ni kuanza mapema: tangu siku ya kwanza iamuru kompyuta iyafunge maandishi yote kwa fumbo lenye ufunguo. Siku ya kuuza, ufunguo ukiharibiwa, yaliyobaki ni herufi zisizosomeka na mtu. Simu nyingi za kisasa hufanya hivyo zenyewe, kwa hiyo ile amri ya kuirudisha simu katika hali ya kiwandani yafaa. Lakini usisahau kutoa laini na kadi ya kumbukumbu, maana wengi huiosha nyumba wakaacha sanduku uani.

Tano, mashine iliyokufa kabisa bado yaweza kusema. Itoe diski kabla ya kuiuza kama chuma. Ikiwa hujui kuitoa, mlipe fundi, ukae naye mpaka amalize.

Mnunuzi naye

Tumesema na muuzaji. Tuseme na mnunuzi. Mtu akinunua kabati kuukuu akakuta ndani barua za mwenyewe, kabati ni lake, barua si zake. Fedha aliyotoa haikununua ruhusa ya kusoma. Asizisome, asizionyeshe, asizitumie kumtisha mtu wala kujipatia faida. Yule fundi kijana aliyegeuza uso alitufundisha somo hili bila kusema neno. Na katika habari ile ya Morgan Stanley tuliyoitaja, ni mtaalamu mmoja wa kompyuta wa jimbo la Oklahoma aliyenunua baadhi ya diski hizo, akaona yaliyomo, na mwaka 2017 akaiandikia kampuni kuijulisha. Mgeni asiyedaiwa kitu alitenda wajibu ambao waliolipwa hawakuutenda. Afanyaye hivyo kwetu ni haki apewe shukrani, wala asishtakiwe kwa kuwa ameona.

Serikali zetu nazo zimelitambua jambo hili. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jirani zetu wa Kenya wanayo yao ya mwaka 2019. Ni vema viongozi wa shule, zahanati, vyama na maparokia wazisome sheria hizo. Na Kanisa lenyewe lajua tangu zamani kwamba kuna wakati wa kutunza na wakati wa kuharibu: sheria zake zaamuru kwamba kila mwaka, katika hifadhi ya siri ya jimbo, hati za kesi za jinai zihusuzo maadili ziharibiwe, mshtakiwa akiwa amekwisha kufa au miaka 10 ikiwa imepita tangu hukumu, ukabaki muhtasari mfupi na maneno ya hukumu tu. Kusudi ni kwamba aibu ya mtu isiishi kuliko haki inavyohitaji. Ikiwa karatasi zilizofungiwa kwa kufuli zatakiwa kuharibiwa, je, zile zilizo katika mashine inayokwenda sokoni?

Deni letu

Limebaki jambo moja. Zile kompyuta mbili zilisafishwa, fundi akajaribu mbele yetu kurudisha kitu akashindwa, zikauzwa. Ya tatu tuliitafuta. Tulikwenda kwa aliyeinunua, tukauliza katika maduka ya jirani, tukaacha ahadi ya kuinunua tena kwa bei iliyo juu ya ile tuliyoiuzia. Mpaka leo hatukuipata.

Mwenye kupoteza amana asipoweza kuirudisha, bado amebakiwa na wajibu mmoja: kumwambia mwenyewe kwamba imepotea, ili ajilinde kadiri awezavyo. Kunyamaza ni kosa la pili juu ya la kwanza, tena la pili ni baya zaidi, kwa maana lafanywa kwa kujua. Kwa hiyo tumewaandikia barua, mmoja mmoja, wale ambao majina yao twayakumbuka au tuliyakuta katika nakala zetu. Tumewaomba radhi. Wako waliotujibu kwa upole kuliko tulivyostahili, na yuko mmoja aliyetujibu kwa ukali tuliostahili. Lakini twajua kwamba wako tuliowasahau. Ndugu yetu, dada yetu, uliyewahi kutuletea siri yako ukatuamini, ukiwa hukupata barua yetu, basi hii ndiyo barua yako. Njoo ofisini au tuandikie. Tutakueleza tunayoyajua bila kukuficha.

Na wewe mwingine, ambaye simu yako ya zamani imo katika mtoto wa meza ikingoja mnunuzi, au kompyuta yako imekwisha kupata bei, kabla hujapokea fedha keti kidogo ufikiri ni nani aliyomo humo pamoja nawe. Mtaje kwa jina. Kisha mwite fundi.